Kweli au Uongo: Yanayosemwa kuhusu Ubongo wa Kisogoni

Mtu akitaka kuonyesha kuwa fulani ana akili, hugusa paji la uso. Huko nyuma, penye kisogo na pale shingo inapoanzia, hatupakumbuki mpaka pagongwe. Na ndipo lilipo shina la ubongo, kipande chenye urefu wa sentimita 7 au 8 hivi, kinachouunganisha ubongo na uti wa mgongo. Lina sehemu tatu: ubongo wa kati juu, ponsi katikati, medula chini kabisa. Kati ya jozi 12 za neva za kichwa, 10 hutokea hapa. Nyuma ya shina hilo, chini ya ubongo mkubwa, umekaa ubongo mdogo, ambao madaktari huuita serebelamu.

Nimekusanya baadhi ya yale yanayosemwa mabarazani, hospitalini na kwenye makundi ya WhatsApp kuhusu sehemu hizi mbili. Mengine hayana madhara. Mengine yanaua, na hayo ndiyo nitakayoyakalia zaidi.

"Ubongo mdogo una kazi ndogo."

Uongo. Ubongo mdogo una uzito wa gramu 150 hivi, sehemu moja ya kumi ya ubongo wote. Lakini mwaka 2009 watafiti wa Brazil, akiwemo Suzana Herculano-Houzel, walipohesabu seli za neva za ubongo wa binadamu walipata takriban bilioni 86, na bilioni 69 kati ya hizo zilikuwa kwenye ubongo mdogo. Ni nne katika kila tano. Uso wake umekunjwa mikunjo myembamba iliyobanana sana. Mwaka 2020 watafiti walioikunjua mikunjo hiyo kwa kompyuta walikuta eneo lake linakaribia asilimia 80 ya eneo la gamba la ubongo mkubwa. Humo zimo seli alizozieleza Jan Purkyně mwaka 1837, ambazo kila moja ina matawi yaliyotandaa na hupokea habari kupitia maungio zaidi ya laki moja.

Wingi huo peke yake si werevu. Tembo wa Afrika ana seli za neva bilioni 257, mara tatu ya zetu, na karibu zote, asilimia 98, ziko kwenye ubongo mdogo. Herculano-Houzel anadhani huenda sababu ni mkonga, kiungo chenye nguvu ya kung'oa kichaka na wepesi wa kuokota tunda moja.

Kazi yenyewe inaonekana vizuri pale inapokosekana. Daktari huketi mbele ya mgonjwa, akanyoosha kidole na kusema: gusa pua yako, kisha gusa kidole changu, rudia. Mzima hafikirii hata kidogo. Aliyeumia ubongo mdogo, kidole chake huondoka sawasawa, lakini kadiri kinavyokaribia huanza kuyumba huku na huku, kinapitiliza, kinarudi, kinakosa tena. Nguvu anazo. Mwambie akubane mkono, atakubana barabara. Alichopoteza ni kipimo: umbali gani, kasi gani, lini asimamishe. Ubongo mkubwa ukishaamua mkono uende, ubongo mdogo hulinganisha kilichokusudiwa na kinachotendeka, ukasahihisha njiani kabla kosa halijaonekana.

Daktari Mwingereza Gordon Holmes aliyaandika haya kwa makini kuliko mtu yeyote wa zama zake, kutokana na askari waliopigwa risasi kisogoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mgonjwa wake mmoja alimweleza kuwa mkono wa kushoto hujiendea wenyewe, lakini kwa wa kulia inambidi afikirie kila hatua ya mwendo. Sijui maelezo mazuri zaidi ya hayo kuhusu kile ambacho ubongo mdogo hutufanyia kutwa nzima bila sisi kujua.

Na si miendo tu. Mwaka 1998 Jeremy Schmahmann na Janet Sherman wa Boston walieleza wagonjwa walioumia ubongo mdogo wakapata shida ya kupanga mambo, kutafuta maneno na kutawala hisia. Aliyeugua hivyo akabadilika tabia si lazima awe ametupiwa jini wala awe na kiburi.

"Bila ubongo mdogo mtu hawezi kuishi."

Uongo, ingawa ni nadra mno kuushuhudia. Katika mkoa wa Shandong, China, mwanamke wa miaka 24 alikwenda hospitali kwa sababu ya kizunguzungu na kichefuchefu, na picha ikaonyesha kuwa mahali pa ubongo mdogo pamejaa maji tu. Habari zake zilichapishwa mwaka 2014. Alikuwa amechelewa kusema kwa kueleweka mpaka miaka 6, na kutembea mpaka miaka 7, na mwendo wake haukuwahi kutulia. Lakini ameolewa na amezaa. Alizaliwa hivyo, ndiyo maana sehemu nyingine za ubongo zilipata muda wa kujifunza kazi hiyo. Shina la ubongo halina mbadala wa namna hiyo.

"Anayepepesuka amelewa."

Huu ni uongo unaodhalilisha watu. Kweli pombe hushambulia ubongo mdogo: ulimi huwa mzito, macho hucheza, miguu hupanuka kutafuta mhimili. Kwa mnywaji wa miaka mingi, sehemu ya katikati ya ubongo mdogo, inayohusika na kiwiliwili na miguu, husinyaa kabisa, ndiyo maana hata siku asiyokunywa anatembea hivyohivyo huku mikono yake ikifanya kazi vizuri. Lakini dalili zilezile huletwa na uvimbe kichwani, na kiharusi cha ubongo mdogo, na magonjwa ya kurithi. Mtoto aliyetoka kuugua tetekuwanga anaweza kupepesuka kwa wiki kadhaa kisha akarudi sawa. Mtu mzima ambaye hajawahi kuonja pombe, akaanza ghafla kuyumba na kukokota maneno, anahitaji hospitali siku hiyohiyo, na anachopata mara nyingi ni kunyooshewa vidole na majirani.

"Ubongo wa kulia huendesha mwili wa kushoto."

Kweli kwa ubongo mkubwa, kwa kuwa nyuzi nyingi zinazoendesha misuli huvuka upande zikifika medula. Kwa ubongo mdogo sivyo. Njia zake huvuka mara mbili, zikarudi palepale, kwa hiyo upande wake wa kulia hutumikia mkono wa kulia. Askari wa Holmes aliyelazimika kuufikiria mkono wake wa kulia alikuwa ameumia kuliani.

"Ubongo ukifa, moyo husimama papo hapo."

Uongo, na familia nyingi hukwama hapa wakati mgumu kuliko yote. Moyo una chanzo chake wenyewe cha mapigo, kifundo kidogo kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia, kilichoelezwa na Arthur Keith na Martin Flack mwaka 1907. Medula huongeza au kupunguza kasi tu. Moyo aliopandikiza Christiaan Barnard mjini Cape Town mwezi Desemba 1967 ulipiga ndani ya kifua kigeni ukiwa umekatwa neva zake zote.

Kinachokoma ni pumzi. Mapafu hayana chanzo chake. Kila pumzi huagizwa na medula. Ndiyo maana mtu ambaye shina lake la ubongo limekufa anaweza kulala wodini, mashine ya kupumulia ikipandisha na kushusha kifua chake, mwili una joto, mapigo yapo, na madaktari wakasema amekufa. Hawasemi kwa kubahatisha. Humulika mboni, hugusa jicho kwa pamba, humimina maji ya barafu sikioni, huchokoza koo, kisha huiondoa mashine kwa muda huku wakimpa oksijeni, waone kama atavuta pumzi mwenyewe. Kila kimoja cha vipimo hivyo huuliza sehemu yake ya shina. Mgonjwa wa koma wa kawaida hujibu baadhi yake. Huyu hajibu hata kimoja.

Watu hunitajia kuku aliyechinjwa akarukaruka. Huyo huendeshwa na uti wa mgongo kwa muda mfupi tu. Yupo mmoja aliyezidi hapo: mwaka 1945, huko Fruita katika jimbo la Colorado, Marekani, jogoo aliyeitwa Mike alikatwa kichwa kwa shoka lililopita juu mno, sehemu kubwa ya shina ikabaki. Aliishi miezi 18, akilishwa kwa kudondoshewa chakula kooni.

"Uzi kwenye paji la uso hukata kwikwi."

Uongo, lakini hauna madhara. Bibi anachomoa uzi kwenye kanga, anaulowesha mate, anaubandika kwenye paji la uso la mjukuu, na baada ya dakika chache kwikwi imekwisha. Ingekwisha tu. Kwikwi huanzia medula: amri hushuka, kiwambo hujikaza ghafla, na mlango wa koo hujifunga kabla hewa haijaingia vizuri. Watoto huwa na kwikwi hata wakiwa tumboni mwa mama. Isipokatika kwa siku mbili kwa mtu mzima, hapo uzi uwekwe kando, kwa sababu inaweza kuwa dalili ya kiharusi cha medula. Mmarekani Charles Osborne alipata kwikwi mwaka 1922 na haikumwachia mpaka 1990.

"Ukipumua harakaharaka kabla ya kuzamia, unajaza hewa ya ziada."

Uongo, na umewazamisha waogeleaji hodari. Imani hii iko kila penye watu wanaozamia bila mtungi, na katika pwani yetu, toka Lamu hadi Kilwa, wapo wengi wanaotafuta riziki hivyo.

Kijana hushika ukingo wa ngalawa. Anavuta na kutoa pumzi nzito, kwa kasi, mpaka kichwa kinakuwa chepesi, kisha anazama. Anahisi kweli kwamba anaweza kukaa chini zaidi. Lakini damu yake ilikuwa imejaa oksijeni karibu yote tangu mwanzo. Pumzi zile hazikuongeza kitu cha maana. Zilichofanya ni kuifukuza hewa ya ukaa.

Hapo ndipo medula inapodanganywa. Kwa kawaida hatuhisi haja ya kupumua kwa sababu oksijeni imepungua. Tunaihisi kwa sababu hewa ya ukaa imepanda, na seli za medula zinapima uchachu inaouleta kwenye majimaji ya ubongo. Huo ndio mkazo wa kifuani unaomrudisha mzamiaji juu. Aliyeifukuza hewa ya ukaa kabla ya kuzama ameuchelewesha mkazo huo, na oksijeni inakwisha kimya kimya bila onyo lolote. Wakati wa kupanda hali huwa mbaya zaidi, kwani shinikizo la maji linapungua na kiwango cha oksijeni mapafuni huporomoka. Anazirai mita chache kabla ya kufika juu. Wenzake humkuta bila jeraha wala dalili ya kutapatapa, na maneno ya mashetani ya bahari huanzia hapo.

Pumzi mbili tatu za utulivu zinatosha kabla ya kuzama. Na mwenzako abaki juu, macho yake kwako, mpaka umepumua tena na kusema.

Medula hiyohiyo ndiyo inayomlinda mtoto anayelia mpaka akakata pumzi. Mzazi huogopa kuwa atakufa. Akizirai, hiari yake imekwisha, medula inashika usukani, na pumzi inarudi. Hata hivyo apelekwe kwa daktari aangaliwe damu yake, maana upungufu wa madini ya chuma huzidisha tatizo hili.

"Aliyetumia unga akikoroma, mwacheni alale."

Uongo, na kati ya yote niliyoyaandika hapa huu ndio unaoniuma zaidi. Heroini hushika vituo vya kupumua vya medula na ponsi na kuvizimisha polepole. Hewa ya ukaa inapanda, lakini kituo kinachopaswa kupiga kelele kimelewa. Pumzi 15 kwa dakika zinakuwa 8, kisha 4. Mkoromo ule wa ndani, wenye kukatika na kurudi, ni ulimi na koo lililolegea likiziba njia. Wenzake maskani wanasikia mkoromo, wanasema kapata usingizi mzuri. Asubuhi wanamkuta wa baridi.

Mwangalie mboni: zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Midomo na kucha hugeuka kijivu. Mwite kwa nguvu, msugue mfupa wa kifua kwa ngumi. Asipojibu na pumzi zake ni chache, mpulizie pumzi mdomoni huku msaada ukitafutwa. Akiwa anapumua, mlaze ubavu. Maziwa hayasaidii, na yakimiminwa kwa asiyejitambua huingia mapafuni. Ipo dawa iitwayo naloksoni inayoiondoa heroini kwenye vituo hivyo ndani ya dakika chache, lakini nguvu yake huisha mapema kuliko ya unga, kwa hiyo aliyeamka bado ni mgonjwa wa kuangaliwa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011, na waliodumu nayo wamepata nafasi ya kuishi bila hatari hii ya kila usiku.

"Asiyejibu hasikii."

Uongo. Desemba 1995 Jean-Dominique Bauby, mhariri wa jarida la Elle nchini Ufaransa, alipata kiharusi cha shina la ubongo. Kiharusi kikiharibu sehemu ya mbele ya ponsi, hukata nyuzi zote zinazoshuka kwenye mikono, miguu, uso na ulimi. Ubongo mkubwa ulio juu hauguswi, na nyuzi za kusikia na za kuamsha fahamu, zinazopita nyuma kidogo, zinaweza kusalia. Mtu anasikia, anaelewa, anakumbuka, na hawezi kutikisa hata kidole. Bauby alibakiwa na kope la jicho la kushoto. Msaidizi alimsomea herufi mojamoja, naye alikonyeza ilipofika aliyoitaka, na kwa njia hiyo akaandika kitabu kizima, kilichotoka Machi 1997, siku chache kabla hajafariki.

Amri ya kutazama juu na chini hutoka ubongo wa kati, ulio juu ya ponsi, ndiyo maana mara nyingi hubaki. Kwa hiyo kabla ya jamaa kuanza kugawana mashamba mbele ya kitanda, mtu asogee karibu na kusema taratibu: kama unanisikia, baba, tazama juu. Arudie siku nyingine, na nyingine tena.

"Malaria hupanda kichwani."

Kweli, ingawa vimelea vyenyewe haviingii kwenye nyama ya ubongo. Chembe za damu zilizoshambuliwa hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo na ubongo huvimba. Fuvu halitanuki, njia pekee ni chini, kwenye tundu linalopitisha shina. Huko Blantyre, Malawi, watoto wenye malaria ya ubongo walipigwa picha za MRI, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: kati ya 25 waliofariki, 21 walikuwa na uvimbe mkubwa wa ubongo. Shina linapobanwa, pumzi hukoma.

Hapa nataka kugusa imani iliyorekodiwa Bagamoyo na kwingineko Tanzania, kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano hufa, hivyo afukizwe kwanza kinyesi cha tembo na sindano isubiri. Saa zinazopotea kwenye mafusho ndizo ambazo ubongo unaendelea kuvimba. Anayefikishwa amechelewa hufa hata akitibiwa, na lawama ikabebeshwa sindano, na mzazi mwingine akaogopa.

"Aliyeanguka, akaamka na kuzungumza, amepona."

Uongo. Kijana anaanguka na bodaboda, anazirai dakika moja, anaamka, anakung'uta vumbi, anaomba maji, anakwenda nyumbani kulala. Ndani ya fuvu, karibu na panja, mshipa umepasuka na damu inajikusanya kati ya mfupa na utando. Saa mbili, saa tano baadaye kichwa kinauma, anatapika, anasinzia. Ubongo unasukumwa chini. Ukingo wake wa ndani hubana neva inayokaza mboni, na mboni ya upande huo hupanuka, haisinyai hata ikimulikwa tochi. Kinachofuata kubanwa ni ubongo wa kati, kisha medula. Mwigizaji Natasha Richardson alianguka hivyo akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Quebec, Machi 2009. Alisema yuko salama, gari la wagonjwa likarudishwa, na baada ya siku mbili alifariki, akiwa na miaka 45.

Wakisii wa Kenya wana wapasuaji wao wa jadi, ababari, waliokwangua na kutoboa fuvu la mtu aliyepata maumivu ya kudumu baada ya kupigwa kichwa. Siwasifu vifaa vyao. Lakini wazo la kuupunguzia ubongo shinikizo walikuwa nalo, na daktari wa leo naye hutoboa fuvu, akaitoa damu na kuufunga mshipa. Akifanya hivyo kabla shina halijaumia, wengi hupona na kurudi kazini.

Aliyezirai baada ya kugongwa kichwa asiachwe peke yake usiku wa kwanza. Aamshwe kila baada ya saa mbili, aulizwe jina lake na mahali alipo, amulikwe macho yote mawili. Kutapika zaidi ya mara moja, maumivu yanayozidi, usingizi usiovunjika, maneno yanayochanganyika, udhaifu wa upande mmoja au mboni moja kubwa kuliko nyingine ni sababu ya kuondoka saa hiyohiyo, kwenda hospitali yenye kipimo cha CT na daktari wa upasuaji wa ubongo. Shingo yake ishikwe isipinde njiani, na mwenye kumsindikiza akumbuke saa aliyoanguka na saa aliyoanza kubadilika, kwa sababu hayo ndiyo maswali mawili ya kwanza atakayoulizwa.